Akaunti moja, mbili au kimya? Ulinganisho kwa mwenye kazi anayependa kuposti

Anayeanza kazi huuliza, na aliyekaa kazini miaka kumi na mitano huuliza vilevile: nibaki na akaunti moja yenye jina langu, nifungue ya pili kwa ajili ya ndugu na marafiki, au nifute zote nibakishe wasifu wa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, peke yake? Majibu ya mitandaoni ni mafupi. Mmoja atakwambia utenganishe kazi na maisha, mwingine atakwambia uwe wewe yuleyule popote ulipo. Kila ushauri umewafaa wengine na kuwaponza wengine.

Nimeishi na mipango yote mitatu kwa nyakati tofauti. Nilianza na akaunti moja, nikagawa mbili nilipopewa kazi ya kusimamia kurasa za ofisi, kisha nikakaa kimya karibu mwaka mzima kwa kuchoka. Nimegundua kwamba wengi tunaanza na swali la pili tukaruka la kwanza. Tunauliza, "Nani ataniona?" Tungeanza na hili: kazi yangu imenikabidhi siri za nani?

Muuguzi amekabidhiwa siri za wagonjwa. Mwalimu ana za wanafunzi na wazazi wao, wakili ana za wateja, mhasibu anajua mishahara ya watu. Mpiga picha, fundi wa samani, mbunifu wa nembo au mkufunzi wa mazoezi, kwa sehemu kubwa, amebeba jina lake mwenyewe. Makundi haya mawili yakifuata ushauri mmoja, moja litaumia. Kwa hiyo mizani nitakayoishika katika ulinganisho huu ni hiyo.

Akaunti moja, jina lako, mlango wazi

Ubora wake mkubwa ni kwamba unatia sahihi kila unachoandika. Anayelitafuta jina lako anakukuta wewe: kazi zako, unavyojibu maswali, unavyokiri kosa. Kwa anayeuza ufundi wake mwenyewe, sioni mpango unaoukaribia huu. Mteja anayemkabidhi mtu nyumba yake anataka kumjua mtu huyo, na ukurasa wenye picha za kazi tupu haumwambii mengi. Posti ya fundi anayeeleza kwa nini mlango alioutengeneza ulipinda, na jinsi alivyourudia bila kumtoza mteja tena, inafanya kazi ambayo tangazo haliwezi. Tena ni mpango mwepesi kuutunza, maana huna haja ya kukumbuka ulisema nini wapi.

Ugumu uko kwa hadhira. Watafiti Alice Marwick na danah boyd, waliochunguza watumiaji wa Twitter, walieleza jinsi mtandao unavyowakusanya katika chumba kimoja watu ambao maishani tunakutana nao kwa zamu: bosi, shangazi, mteja, mliosoma pamoja. Ana kwa ana tunabadilisha sauti bila hata kufikiri. Hatumsalimii mkwe kama tunavyomsalimia mshikaji. Kwenye akaunti moja unaongea na wote kwa pumzi moja, na utani ulioandikiwa mshikaji unasomwa na mkwe.

Kuna pia umri wa akaunti, jambo ambalo watu hulisahau mpaka siku mbaya. Juni 2021 mchezaji wa kriketi Ollie Robinson alikuwa akiichezea Uingereza mechi yake ya kwanza ya Test, yaani ile ya kimataifa ya siku kadhaa. Siku hiyohiyo zikaibuliwa tweet zake za 2012 na 2013, zenye ubaguzi wa rangi na wa kijinsia, alizoziandika akiwa kijana wa miaka 18 na 19. Aliomba radhi jioni ile ile, na bado akasimamishwa. Angalia zilivyojitokeza: kwa miaka minane au tisa hakuna aliyezijali, mpaka alipofika pakubwa. Watu hawachimbi akaunti ya mtu asiyejulikana. Wanachimba wiki unayopandishwa cheo, unayoshinda zabuni, unayotajwa kwenye habari.

Na ile sentensi ya kwenye wasifu, "Maoni ni yangu binafsi"? Iweke, haina ubaya, ila usiilalie. Machi 2023 Gary Lineker, wakati huo mtangazaji wa kipindi cha mpira cha BBC, aliikosoa sera ya serikali ya Uingereza kuhusu waomba hifadhi kwenye akaunti yake binafsi. BBC ikamweka kando, watangazaji wenzake wakagoma ili kumuunga mkono, na baada ya siku chache akarudi kazini. Huyo alikuwa na jina kubwa na wenzake nyuma yake. Linganisha na mfanyakazi wa kawaida wa shirika moja la nyumba, huko huko Uingereza, aliyeshushwa cheo na kukatwa asilimia 40 ya mshahara kwa maneno aliyoandika Facebook kuhusu ndoa za jinsia moja makanisani. Novemba 2012 Mahakama Kuu ilimpa ushindi, jaji akisema hakuna msomaji wa kawaida ambaye angedhani mtu yule anasema kwa niaba ya mwajiri. Fidia yake haikufika pauni 100. Kesi alishinda, pengo la mshahara halikuzibwa.

Akaunti mbili: ya kazi iko wazi, ya nyumbani imefungwa

Huu ndio mpango ninaoutumia sasa, kwa hiyo nitaanza na mabaya yake.

La kwanza ni imani tunayoiweka kwenye kufuli. Akaunti iliyofungwa huwazuia wageni, lakini anayekuponza si mgeni. Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na kata uliiruhusu mwenyewe siku ulipolikubali ombi la urafiki. Mwaka 2011 baraza la usuluhishi wa kazi nchini Uingereza lilisikiliza shauri la mfanyakazi wa duka la Apple aliyefukuzwa kwa kuikashifu kampuni na bidhaa zake Facebook, kwenye ukurasa uliokuwa wazi kwa marafiki zake tu. Mmoja wa marafiki hao, mfanyakazi mwenzake, alimpelekea meneja. Baraza lilikubali kwamba kufukuzwa kwake kulikuwa halali, likizingatia kwamba aliyeandika hana uwezo wa kuwazuia marafiki wasinakili na kusambaza. Leo kunakili ni kubonyeza vitufe viwili vya simu. Skrinishoti haijui kufuli.

La pili ni simu yenyewe. Programu nyingi huomba ruhusa ya kusoma namba zilizohifadhiwa kwenye simu, kisha hupendekeza watu "unaoweza kuwafahamu". Ukifungua akaunti ya faragha kwa namba ambayo bosi wako anayo, mfumo wenyewe unaweza kumpelekea jina lako. Yaliyompata James Comey yanafundisha. Machi 2017, akiwa bado mkurugenzi wa FBI, alidokeza kwenye hafla moja kwamba ana akaunti za Twitter na Instagram. Mwandishi wa Gizmodo, tovuti ya habari za teknolojia, aliomba kuifuata akaunti ya Instagram ya mwana wa Comey, na papo hapo Instagram ikampendekezea nyingine za kufuata. Moja ilikuwa na jina la mwanateolojia Reinhold Niebuhr, ambaye Comey alimwandikia tasnifu chuoni. Kazi yote ilichukua saa nne hivi. Hakuna aliyedukua nywila. Ni mapendekezo ya programu na kumbukumbu ya wazi kuhusu masomo ya mtu.

La tatu ni kidole. Februari 2011 mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, aliyekuwa akiendesha akaunti zake na za shirika kupitia programu moja, aliposti habari za bia na kulewa kwenye akaunti ya shirika. Shirika likaifuta, likakiri kosa kwa lugha nyepesi, na baadhi ya wasomaji wakaishia kuchangia damu na fedha. Mwezi uliofuata, Machi 2011, mfanyakazi wa wakala aliyesimamia akaunti ya Chrysler aliandika tusi kuhusu madereva wa Detroit, akidhani yuko kwenye akaunti yake. Alifukuzwa, na Chrysler haikuendelea na mkataba wa wakala huyo. Kosa la kidole lilikuwa lilelile. Kilichotofautiana ni aliyeguswa: habari ya bia ilimhusu mnywaji mwenyewe, tusi liliwapiga watu wa mji ambao kampuni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujinadi kwa jina lake.

Mimi nami kidole kimewahi kunisaliti. Nilimtakia dada yangu heri ya siku ya kuzaliwa, kwa jina la utani tulilompa utotoni, nikaiweka kwenye ukurasa wa ofisi. Ilikaa dakika nne. Hakuna aliyeumia, lakini mikono ilinitetemeka mchana kutwa, na tangu siku hiyo akaunti ya ofisi na yangu hazikai tena kwenye programu moja.

Pana pia masharti ya mitandao yenyewe. LinkedIn hairuhusu mtu mmoja kuwa na akaunti mbili. Facebook nayo inataka akaunti moja kwa mtu, ingawa tangu Septemba 2023 inakuruhusu kuongeza wasifu mwingine hadi minne ndani ya akaunti hiyohiyo. Instagram haina shida na zaidi ya moja. Hivyo "akaunti mbili" kwa wengi si mbili kila mahali. Ni mtandao mmoja umegawanywa, na mwingine umeachiwa kazi tupu.

Baada ya yote hayo, kwa nini ningali nayo? Kwa sababu watoto wangu hawakuomba kujulikana na wateja wangu. Mzazi wangu alipougua, nilihitaji mahali pa kuandika ambapo wasomaji walikuwa watu wanaomfahamu kwa jina, siyo watu wanaosubiri ripoti kutoka kwangu. Hilo akaunti moja haiwezi kunipa. Na faida ya upande wa pili sikuitegemea: ukurasa wa kazi ulitulia. Wafuasi wake wanajua watakachokuta, nami sijiulizi kila mara kama picha ya familia itapunguza uzito wa jambo nililoliandika jana.

Kwa asiyetaka kufungua nyingine, ipo njia ya katikati. Instagram ina orodha ya marafiki wa karibu tangu Novemba 2018, kwa hiyo stori moja inaweza kuonwa na watu ishirini badala ya elfu mbili. Stetasi ya WhatsApp unaweza kuifungia baadhi ya watu au kuwachagulia wachache tu. Ni nzuri kwa mambo madogo. Udhaifu wake ni kwamba orodha huchakaa: mfanyakazi mwenzako anayeingia mwezi huu mnahifadhiana namba, na wewe hukumbuki kumtoa.

Jina la bandia silipendekezi kwa mwenye taaluma. Mwongozo wa 2013 wa baraza linalosimamia madaktari Uingereza ulisema daktari akijitambulisha mtandaoni kwamba ni daktari, anapaswa kujitambulisha pia kwa jina. Naliona hilo ni la haki hata nje ya udaktari. Ukiitumia taaluma yako ili watu wakuamini, wape na jina wanaloweza kulihoji.

Kubaki na wasifu wa kazi peke yake

LinkedIn ilifunguliwa Mei 2003, na kwa wengi inatosha: umesoma wapi, umefanya kazi gani, unapatikanaje. Anayeajiri akikutafuta anakuta ukurasa safi, huna cha kufuta wala cha kueleza. Kwa jaji, mkaguzi wa hesabu au mtu anayepita katika mgogoro kazini, mimi ningeuchagua huu bila kusita.

Bei yake ni kwamba wengine ndio watakaokuzungumzia. Rafiki atakutaja kwenye picha ya sherehe, na kama huna akaunti hutaiona wala kuiomba iondolewe. Lingine: wengi wanaojiita wakimya wamo kwenye makundi kumi ya WhatsApp, na humo ndimo wanamoandika wasichothubutu kukiweka hadharani. Kundi la watu 200 ni hadhira. Tangu Agosti 2022 WhatsApp inakupa siku mbili na saa kumi na mbili kufuta ujumbe kwa wote, lakini aliyekwisha kuusoma na kuupiga picha hasubiri muda huo.

Mahali ambapo hakuna mpango unaokuokoa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Tunapozungumzia heshima ya kazi mitandaoni, mawazo hukimbilia picha za sherehe, mavazi na siasa. Hayo yanakuhusu wewe, na mengi yanasameheka. Yasiyosameheka kwa urahisi ni yale yanayomhusu mtu aliyekuamini.

Muuguzi akitoka zamu usiku akaandika, "Leo tumempoteza mtoto wa miaka sita, moyo umepasuka," hana nia mbaya hata kidogo. Ni huzuni ya kweli. Lakini mama wa mtoto huyo ana majirani, majirani wana simu, na siku, umri na hospitali vinatosha kumtambulisha. Marekani ina sheria ya HIPAA ya 1996, na kanuni zake za faragha zinataja vitambulisho 18 vya kuondoa ili habari ya mgonjwa ihesabike kuwa haina mwenyewe. Jina ni kimoja tu kati yake. Zimo tarehe zinazomhusu, eneo dogo anakoishi, na picha ya uso mzima. Hata usipofungwa na sheria hiyo, orodha yake inakuonyesha kwamba kuficha jina ni mwanzo wa kazi ya kuficha. Mwalimu anayeposti jibu la kuchekesha la mwanafunzi kwenye mtihani amefunika jina, lakini mwandiko ni wa mtoto, na mtoto anaujua. Wenzake darasani nao wanaujua.

Picha ni hatari zaidi kuliko maneno, kwa kuwa maneno unayachagua na picha inabeba kila kilichokuwepo. Novemba 2012 zilitolewa picha za Mwanamfalme William akiwa kazini katika kambi ya jeshi la anga la Uingereza. Kwenye kuta nyuma yake palionekana karatasi zenye majina ya kuingilia na nywila za mifumo ya Wizara ya Ulinzi. Picha zikaondolewa na nywila zikabadilishwa. Kama hilo lilipita mikononi mwa watu ambao kazi yao ni kutoa picha, wewe unayepiga selfi mezani kwako saa kumi jioni utazame ubao wa nyuma, skrini ya kompyuta, jalada lililofunguka na beji iliyo kifuani.

Kwa mambo haya, aina ya akaunti haibadilishi chochote. Siri ya mgonjwa kwenye akaunti iliyofungwa yenye marafiki 40 imevuja mara 40.

Ningemshauri nani nini

Anayeuza kazi ya mikono au akili yake mwenyewe, abaki na akaunti moja iliyo wazi. Atenge siku nzima apitie posti zake za zamani kuanzia ya kwanza kabisa, afute anayoyaonea aibu, na yale aliyokwisha kuulizwa hadharani ayajibu badala ya kuyafuta, kwa sababu aliyeuliza huenda ana nakala.

Aliyekabidhiwa siri za watu, agawe mbili. Sababu yangu ni tofauti na inayotolewa mara nyingi: simshauri agawe ili apate pa kusemea ya kazini kwa uhuru. Agawe ili akaunti ya nyumbani isiwe na kazi ndani yake hata kidogo. Asitaje mahali anapofanya kazi, asiweke picha akiwa amevaa sare, asimkubali mgonjwa, mwanafunzi wala mzazi, hata yule anayempenda sana. Kumkataa kunauma, najua. Ujumbe mfupi wa kumwelekeza kwenye ukurasa wa kazi unapunguza uchungu.

Aliye chini ya uchunguzi, mwenye kesi, au aliyeumizwa na mitandao kiasi kwamba kila arifa inamshtua, apumzike na wasifu wa kazi tu. Miezi ile niliyokaa kimya haikunipotezea mteja hata mmoja.

Na anayeajiriwa, kabla ya kuchagua lolote, asome sera ya mwajiri wake kuhusu mitandao ya kijamii. Mara nyingi imo ndani ya karatasi alizotia sahihi siku ya kwanza bila kuzisoma. Kuna waajiri wanaokataza kutaja jina la kampuni kwenye wasifu binafsi, na wengine wanaokutaka ulitaje.

Ukiamua kugawa, mpangilio wa hatua una maana. Fungua ya pili kwa barua pepe mpya, bila namba ya simu inayojulikana kazini, na ukatae ombi la kusoma orodha ya namba zako. Waalike watu mmoja mmoja, siyo kwa kuwahamisha wote. Picha za watoto zihamishe kwanza, ndipo uzifute kule wazi, ukianza na zile zinazoonyesha shule au mlango wa nyumba. Halafu zitenganishe hizo akaunti kwenye programu tofauti, na ya kazi uipe picha ya wasifu yenye rangi moja kali kabisa isiyo na uso, ili jicho lijue uko wapi kabla kidole hakijabonyeza.